Fairphone 2: simu iliyoundwa ifunguliwe, na kilichoifanya idumu miaka saba

Betri ilikuwa imevimba hadi kifuniko cha nyuma kimeanza kuachana na fremu. Nikaenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa fundi ninayemwamini, kijana mwenye meza isiyozidi futi tatu, darubini ndogo na kichupa cha spiriti. Aliilaza simu kwenye kibamba cha moto, akasubiri, kisha akaanza kupenyeza kijiplastiki chembamba kama ukucha pembeni ya kioo cha nyuma, taratibu, akikitia spiriti kila baada ya muda. Gundi ilivutika nyuzinyuzi kama utomvu wa fenesi. Alishamaliza pande tatu. Kwenye kona ya mwisho tukasikia "ta!", na ufa ukakimbia kutoka kona hadi kwenye kamera.

"Dada, nisamehe sana," alisema. "Hizi za siku hizi ndivyo zilivyo. Ukizifungua unaomba Mungu."

Sikuwa na la kumlaumu. Mikono yake ilikuwa tulivu kuliko ya daktari wa meno. Simu ilikuwa na miaka miwili na nusu, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, betri, kitu ambacho kila mtengenezaji anajua kwamba kitachoka kabla ya vingine vyote. Bado mtu fulani, ofisini kwake, aliamua kwamba betri hiyo ikae chini ya kioo, na kioo kishikwe na gundi. Ule ufa ulianzia kwenye uamuzi huo.

Wiki ile ile shemeji yangu alikuwa amekuja likizo kutoka Uholanzi. Simu yake ilikuwa Fairphone 2 aliyoinunua mwaka 2016. Nilikuwa nimeisoma habari yake kwa miaka, sijawahi kuishika. Nikamwomba tuipeleke kwa yule yule fundi, si kwa matengenezo, nilitaka tu aione. Fundi aliipokea, akaigeuzageuza akitafuta pa kupitishia kijiplastiki. Shemeji akamwambia, "Vuta kava kwa kidole." Kava likatoka. Betri ikatoka kwa ukucha. Kisha akaonyeshwa vishikio viwili vidogo vya kusukuma kando, akavisukuma, na kioo kizima, tachi yake na yote, kikateleza na kubaki mkononi mwake. Dakika haikuisha. Hakukuwa na moto, spiriti wala bisibisi.

"Hii haina gundi hata kidogo?" Alirudia swali hilo mara mbili.

Kisa ninachotaka kukichambua ni cha simu hiyo moja: namna ilivyoundwa, namna ilivyopona pale ambapo kaka yake aliyetangulia alikufa, na mahali ambapo nayo ilikwama. Wengi wakiizungumzia husifu skrubu na vipande vyake. Mimi naona skrubu zilikuwa sehemu rahisi. Kazi kubwa ilikuwa kuhakikisha kwamba miaka mitano baadaye bado kuna kipuri cha kuweka pale ulipofungua, na programu ya kuendesha kilichomo.

Ilikotoka

Mwaka 2010 huko Amsterdam kulianza kampeni kuhusu madini ya mashariki ya Kongo yanayoingia kwenye simu za watu bila wao kujua. Mmoja wa walioiongoza alikuwa Bas van Abel, mbunifu wa Waag, taasisi ya teknolojia na jamii ya huko huko Amsterdam. Wakati huo huo Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kililazimisha makampuni kueleza kama bati, tantalamu, tangsteni na dhahabu wanayotumia inatoka Kongo na nchi jirani. Makampuni mengi yaliona njia nyepesi ni kuikimbia Kongo kabisa. Septemba mwaka huo Rais Joseph Kabila naye alisimamisha uchimbaji Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, na zuio likadumu hadi Machi 2011. Anayejua maisha ya mchimbaji mdogo wa kule anajua maana ya miezi sita bila soko.

Wale wa Amsterdam waliona kampeni peke yake haifiki mbali. Januari 2013 wakaifanya kuwa kampuni, Fairphone, kwa hoja kwamba ukitaka kujua kilichomo ndani ya simu, njia ya uhakika ni kuitengeneza. Wakaamua kutoikimbia Kongo. Bati la simu yao ya kwanza lilihusishwa na mgodi wa Kalimbi, Nyabibwe, Kivu Kusini, ambako mifuko ya mawe ilifungwa lebo tangu mgodini. Tantalamu ilipitia mpango uliokuwa ukifanya kazi Katanga. Nalitaja hili mapema kwa sababu suala la kudumu kwa simu lilizaliwa hapo. Kama jiwe limetolewa shimoni na mtu aliyeingia kwa magoti na tochi kichwani, kulitumia miaka miwili na kulitupa ni dharau kwa jasho lake, hata kama mgodi ule una lebo safi kiasi gani. Waholanzi wale walifika kwenye matengenezo wakitokea kwenye madini. Watengenezaji wengi wanaozungumzia mazingira leo hawakupita njia hiyo, na hutokea hawajui mawe yao yalipotoka.

Simu iliyokufa ikiwa nzima

Fairphone ya kwanza haikubuniwa na Fairphone. Kampuni changa isiyo na wahandisi wa kutosha ilichukua muundo uliokuwa tayari kwa mtengenezaji wa China, ikaubadilisha kidogo, ikaiuza kwa yuro 325. Zilitoka kama 60,000 hivi. Betri yake ilitoka kwa mkono. Ilichukua laini mbili. Vipuri vyake viliuzwa mtandaoni pamoja na maelekezo ya kufungua. Kwa yeyote anayepima simu kwa urahisi wa kufunguka, hiyo ilikuwa simu nzuri.

Julai 2017 kampuni ikatangaza kwamba haitaihudumia tena. Ilikuwa haijatimiza hata miaka minne tangu zilipowafikia wateja mwishoni mwa 2013.

Sababu zilikuwa mbili, na zote zilikuwa nje ya simu yenyewe. Ya kwanza ni vipuri. Viwanda vilivyotengeneza sehemu zake vilikuwa vimehamia sehemu mpya, na kuvirudisha nyuma kulihitaji oda kubwa kuliko idadi ya watu waliobaki na simu hiyo. Kiwanda hakiwashi mashine kwa ajili ya vioo mia nane. Huwezi pia kukwepa hilo kwa kununua betri nyingi siku ya kwanza na kuzirundika stoo, kwa sababu betri ya lithiamu huzeeka hata ikiwa ndani ya boksi. Betri iliyokaa rafuni miaka mitano unaiuza kama mpya huku ikiwa imeshapoteza sehemu ya nguvu zake. Kipuri cha betri lazima kiendelee kutengenezwa, na ili kiendelee kutengenezwa lazima kuwe na oda.

Ya pili ni programu. Simu ilitoka na Android 4.2. Chipu yake ilikuwa ya kampuni ya MediaTek, na Fairphone haikuwa na haki wala msimbo wa kuiendesha chipu hiyo kwenye matoleo mapya. Walijaribu kuifikisha Android 4.4, wakashindwa, wakaacha. Kwa hiyo kuna watu waliokuwa na simu ambayo kioo hakijapasuka na betri inabadilishika, lakini programu moja baada ya nyingine ilianza kuwakataa.

Ninaona hapa ndipo penye somo zito kuliko popote kwenye kisa hiki, na ndipo wanaoisifu Fairphone hupita haraka. Simu ile ilibeba kila dalili ya bidhaa ya kudumu. Ilikufa kwa sababu walioiuza hawakumiliki muundo wake. Aliyekodi nyumba hawezi kumwahidi mtu chumba cha miaka kumi.

Walichofanya mara ya pili

Fairphone 2 ilianza kuwafikia wateja Desemba 2015, kwa bei ya zaidi ya yuro 500. Safari hii muundo ulikuwa wao wenyewe, ingawa kiwanda kilikuwa bado China, Suzhou. Waliigawa simu kwa kufuata jinsi simu zinavyoharibika. Ukikaa siku moja kwenye meza ya fundi yeyote utaona mpangilio ule ule: kioo kinaongoza, inafuata betri, kisha tundu la chaji, spika na maiki, kisha kamera. Ubongo wa simu, yaani ubao wenye chipu, huharibika mara chache, na ndio wenye thamani kubwa. Basi ubao ukawa kiini, na vile vinavyoharibika vikawa vipande vinavyotoka: kioo, betri, kamera, kipande cha juu chenye tundu la headphone na kamera ya mbele, kipande cha chini chenye tundu la chaji, maiki na spika. Kava lenyewe lilikuwa ndiyo mgongo wa simu, kwa hiyo hukuhitaji kununua jingine la kulivika.

Vipande vilishikwa kwa skrubu za kawaida, zile za msalaba, na kila skrubu ya kufungua ilizungushiwa duara la buluu kwenye ubao. Hilo la duara la buluu ni jambo dogo, nami nalipenda kuliko mengine yote. Ndani ya simu nyingi hakuna neno hata moja linalomlenga anayefungua. Unakuta stika ya onyo, au skrubu yenye kichwa cha umbo ambalo bisibisi yake haiuzwi dukani. Pale mtu alikaa kiwandani akamfikiria mwingine, asiyemjua, atakayefungua simu hiyo miaka mitano baadaye, akamwachia alama ya wapi aanze.

Kati ya kipande na ubao hakukuwa na nyaya za utepe za kuchomoa kwa hofu. Kulikuwa na vidole vidogo vya springi, vyenye ncha za dhahabu, vinavyogusana na vibati vya upande wa pili. Tovuti ya iFixit, inayojulikana kwa kupima urahisi wa kutengeneza vifaa, iliipa alama 10 kwa 10. Ilikuwa simu janja ya kwanza kuzipata.

Mwaka 2017 ikatoka kamera mpya kwa simu ile ile: ya nyuma kutoka megapikseli 8 hadi 12, ya mbele kutoka 2 hadi 5. Mwenye simu ya 2015 alinunua kipande, akakifunga, akapata picha bora. Pale kipande kilipita kazi ya kipuri. Kilimwondolea mtu sababu mojawapo kubwa inayomfanya atupe simu nzima, maana wengi hawabadilishi simu kwa kuwa imekufa. Wanabadilisha kwa sababu picha za jirani zimekuwa nzuri kuliko zao.

Matatizo yalikuwepo, na lazima yasemwe. Kava la kwanza lilipasuka pembeni kwa watu wengi, likabidi libuniwe upya. Vidole vile vya springi vilikusanya vumbi na unyevu, na baadhi ya simu zikawa zinajizima na kujiwasha zenyewe. Kipande cha chini kilisumbua kwa maiki. Kuna vipindi vipuri fulani havikupatikana dukani, na mteja aliyenunua simu kwa sababu ya vipuri akasubiri. Simu ilikuwa nene, na mwonekano wake haukumvutia mtu wa kwanza kuiona. Mhandisi anayeweka kiungio mahali palipokuwa na gundi anaongeza mahali pa kuharibika. Hakuna namna ya kulikwepa hilo, unachoweza ni kuhakikisha kwamba kinachoharibika kinabadilishika kwa bei inayovumilika.

Chipu

Sasa tufike kwenye kiini. Fairphone 2 ilitumia Snapdragon 801 ya Qualcomm, kampuni inayotengeneza chipu za simu; chipu hiyo ilitoka mwaka 2014. Chipu ya simu haiji peke yake. Inakuja na programu ndogo ndogo za kuiendesha yenyewe pamoja na kamera, redio ya mtandao na michoro, na programu hizo huandikwa na aliyeitengeneza chipu. Kila Android mpya ikitoka, mtengenezaji wa chipu huamua kama ataziandika upya au la. Akiamua la, simu zote zenye chipu hiyo, za kampuni yoyote, zimefungiwa mlango. Qualcomm iliishia Android 6 kwa chipu ile.

Makampuni mengine yenye simu za chipu hiyo yaliachana nayo hapo, nayo yalikuwa na wahandisi wengi kuliko Fairphone mara mia. Fairphone ilikuwa imetoka kuizika simu ya kwanza. Wakaamua kuendelea bila Qualcomm. Walitumia kazi iliyofanywa na jamii ya LineageOS, watu wanaotengeneza Android kwa ajili ya simu zilizotelekezwa, wakaijenga, wakaipitisha kwenye majaribio ya Google ambayo ni mamia ya maelfu, maana bila kuyapita simu hairuhusiwi kubeba programu za Google rasmi.

Simu iliyotoka na Android 5 ikapata Android 6 mwaka 2017, Android 7 mwishoni mwa 2018, ikarukia Android 9 mwaka 2021, na Android 10 mwaka 2022. Masasisho ya mwisho yalikuja Machi 2023. Hiyo ni miaka saba na miezi kadhaa tangu simu ya kwanza ilipotoka kwenye boksi.

Angalia umbali kati ya tarehe hizo. Android 9 ilikuwa imetolewa na Google mwaka 2018. Kwa Fairphone 2 ilifika 2021. Mwenye simu alikaa miaka na toleo la zamani akisubiri. Uamuzi wa kumsubirisha ulitokana na idadi ya watu waliokuwepo kazini, kampuni ndogo inayofanya kazi ambayo aliyetengeneza chipu angeifanya kwa wepesi zaidi kama angetaka. Hilo halipunguzi heshima yangu kwao. Linanionyesha jinsi uhai wa simu milioni nyingi unavyoning'inia kwenye uamuzi wa mtu ambaye mteja hamjui, hajawahi kumlipa moja kwa moja, na hana pa kumfikishia malalamiko.

Waliposuka Fairphone 5, Agosti 2023, walichagua chipu kwa kuanzia na swali hilo. Wakaacha zile za simu, wakachukua QCM6490, chipu ambayo Qualcomm huiuza kwa mashine za viwandani na vifaa vya kazi, kwa sababu wateja wa aina hiyo hudai kuhudumiwa muda mrefu. Haikuwa ya kasi kuliko zote za wakati wake. Kwa kukubali upungufu huo waliweza kuahidi masasisho kwa angalau miaka minane. Kampuni iliyochora duara la buluu kwenye skrubu ilihitaji miaka kumi tangu ianzishwe kujifunza kwamba uhai wa simu unaamuliwa siku ya kuchagua chipu.

Hesabu ya uchafu

Taasisi ya Fraunhofer IZM ya Berlin iliipima Fairphone 2 tangu mgodini hadi jalalani. Ilichokuta kinalingana na vipimo vya simu nyingine: sehemu kubwa kabisa ya hewa chafu ya simu hutoka wakati wa kuitengeneza, na ndani ya hapo chipu na ubao ndivyo vinavyoongoza. Umeme unaouchaji nao ni kiasi kidogo. Kwa hiyo simu ikifika mkononi mwako imeshachafua karibu kila itakachochafua, na kilichobaki ni kugawanya uchafu huo kwa miaka utakayoitumia.

Kipimo kile kilionyesha pia jambo ambalo wapenzi wa simu za vipande hawapendi kulitaja. Viungio vyenye dhahabu, vifuniko vya kila kipande na ubao uliopanuliwa ili kuvipokea, vyote viliongeza uchafu wa kutengeneza ukilinganisha na simu kama hiyo iliyobandikwa. Ongezeko si kubwa, linarudishwa mara unapobadilisha kioo na betri na kuendelea. Lakini anayenunua simu ya kufunguka na kuitupa mwaka wa pili ameharibu kuliko aliyenunua ya gundi akaitunza minne.

Kuyeyusha simu ili kupata madini nako kunasaidia kidogo kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na zilizorekodiwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo zilikuwa asilimia 22.3 tu. Hata hizo, tanuru linarudisha dhahabu, shaba na fedha, huku tantalamu na madini mengine machache yakiishia kwenye majivu. Chipu yenyewe, kitu kilichokula nishati nyingi kuliko vyote, ikiyeyuka haibaki chipu. Simu inayofanya kazi mwaka wa sita imeokoa kila kitu kwa pamoja.

Upande wa idadi, mambo ni madogo. Mwaka 2022 Fairphone iliuza simu zaidi ya laki moja kidogo, katika dunia inayouza zaidi ya bilioni moja kwa mwaka, na karibu zote Ulaya. Kilichobadilika ni hoja. Watengenezaji wakubwa walikuwa wakisema haiwezekani. Ikawepo simu mezani inayoonyesha kwamba inawezekana. Tangu tarehe 20 Juni 2025, sheria ya Umoja wa Ulaya inamtaka kila anayeuza simu huko awe na vipuri vya msingi kwa miaka saba baada ya kuacha kuiuza modeli hiyo, na atoe masasisho kwa angalau miaka mitano. Yale mawili yaliyoiua Fairphone ya kwanza sasa yameandikwa kwenye sheria.

Nina malalamiko yangu kwao pia. Mwaka 2021 walipotoa Fairphone 4 waliondoa tundu la headphone, na wakati huo huo wakaleta spika za masikioni zisizo na waya, zenye betri zake ndogo. Kampuni iliyojenga jina lake kwa vitu vinavyodumu ilimwambia mwenye headphone za waya, zinazoweza kufikisha miaka kumi, anunue adapta au anunue kitu chenye betri. Sikuelewa wakati ule, na maelezo yao hayakunishawishi.

Na Nyabibwe, mji wa ule mgodi wa bati, Februari 2025 uliingia mikononi mwa waasi wa M23. Lebo kwenye mfuko ni kitu cha wakati wa amani.

Kwenye meza ya fundi

Nirudi Kariakoo, kwa sababu nikiisoma habari ya Fairphone nikiwa Dar es Salaam naona kitu ambacho waandishi wa Ulaya hawakioni. Kwao kazi kubwa ni kumfundisha mteja kwamba simu inatengenezeka. Kwetu hilo halihitaji semina. Simu ikianguka hapa swali la kwanza ni "fundi atachukua shilingi ngapi?" Nenda Luthuli Avenue, Nairobi, utakuta hivyo hivyo. Chini ya meza ya fundi wangu kuna ndoo ya rangi ya lita ishirini iliyojaa simu zilizokufa, na anajua kilichomo kwa kugusa. Modeli hii kioo kimekufa lakini ubao mzima. Ile ubao umeungua lakini kamera nzima. Anaua moja kuponya tatu. Ile ndoo ndiyo ghala lake la vipuri, kwani hakuna kampuni inayomuuzia sehemu halisi kwa bei ambayo mteja wake ataimudu.

Ujuzi upo, nia ipo, soko lipo. Kinachokosekana ni bidhaa inayompokea fundi huyu. Simu nyingi za bei ya kwetu hutoka na Android moja, zikipata masasisho ni ya mwaka mmoja au miwili, na baada ya hapo hata ukibadilisha kila kitu ndani yake umetengeneza simu iliyofungiwa mlango. Zile za mtumba kutoka Dubai ni bora kwa chuma, lakini zinafika zikiwa zimeshakula nusu ya umri wa programu yake. Sheria ya Ulaya itatufikia kwa njia hiyo hiyo ya mtumba: simu zilizouzwa kule baada ya Juni 2025 zitakapoanza kushuka huku, zitakuwa na miaka ya masasisho iliyobaki. Ningependa mamlaka zetu zinazokagua simu kabla hazijaingia sokoni ziulize swali hilo moja kwenye boksi: masasisho yanaisha lini? Liandikwe kwa Kiswahili, mwezi na mwaka, mahali mnunuzi anapoona kabla hajalipa, kama tunavyoandika tarehe kwenye pakiti ya maziwa.

Shemeji alipoondoka aliniachia ile Fairphone. Alikuwa amenunua nyingine, na watu kwenye simu hii walikuwa wanamsikia kwa mbali, kama anaongea akiwa ndani ya mtungi. Ni ule ugonjwa wa maiki. Kipande cha chini kuagiza kutoka Ulaya ningelipa nauli kuliko bei yake. Nikampelekea fundi.

Alikitoa kipande kwa skrubu zenye duara la buluu, akakigeuza chini ya darubini, akatabasamu. Kipande chenyewe kilikuwa na skrubu nyingine ndogo zaidi, za nyota. Kumbe nacho kinafunguka. Akazifungua, akaichomoa maiki iliyokufa, akainama kwenye ndoo yake na kuibuka na ubao wa simu nyingine kabisa, akatoa maiki inayokaribiana nayo, akailehemu. Kazi nzima ilichukua dakika ishirini, akanitoza elfu kumi.

Sasa anaitumia mama yangu, Tanga. Programu za benki sijamwekea, kwa kuwa masasisho ya usalama yaliisha 2023 na siwezi kuidhamini kwa hilo. Pesa anatuma kwa menyu ya nyota na reli kama alivyozoea. Jumapili iliyopita alinipigia akiwa uani, kuku wanalia nyuma yake, nikamsikia kila neno.